Mchora Vibao Aliyeomba Kusoma Biashara

Mtaa mzima ulimwita Brashi, na hata mumewe alipokuwa na haraka alimwita hivyo hivyo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti, na vyeti vyenyewe vilikuwa chini ya godoro. Alikuwa mchora vibao. Ukifungua duka, zahanati, au hata kibanda cha kuziba pancha, ulimfuata Brashi, naye alikuja na ngazi begani, makopo ya rangi kwenye ndoo na uzi wa kupigia mistari mfukoni, na siku hiyo hiyo mlango wako ukapata jina. Kazi aliirithi kwa marehemu baba yake, mtu wa maneno machache aliyewapima mafundi wenzake kwa herufi moja tu. "L inachorwa na yeyote mwenye rula," alikuwa akisema. "Nionyeshe S yako." S ya Brashi ilikuwa laini kama shingo ya bata, na hadi anakaribia miaka arobaini hakuna mteja aliyewahi kuilalamikia.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuhangaikia kazi, wala hakuwa na kinyongo na maisha. Kilichokuwa kinamkera ni swali. Lilimwanzia kwenye duka la kona, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya changarawe. Duka lile lilikuwa na mlango mpana na watu wakipita mbele yake kutwa nzima, lakini halikukaa na mtu. Leo mgahawa, mwakani vitabu, baadaye simu, kisha nguo za watoto, kisha viatu. Kila mpangaji mpya alimwita Brashi. Brashi akapanda ngazi, akapiga msasa jina la aliyeondoka, akalifunika kwa rangi nyeupe, akaandika jina jipya juu yake. Kibao kilishaanza kunenepa. Ukikigonga kwa kidole kilitoa sauti nzito, kama mtu aliyeshiba.

"Wewe huoni ajabu?" alimwuliza mumewe siku moja mezani. "Kinyozi wa jirani ana kiti kimoja kibovu na redio isiyoshika stesheni, na yuko pale tangu sijaolewa. Hapo kona watu wanaingia na kutoka kama wagonjwa wa wodini kwako."

Mumewe alikuwa muuguzi wa hospitali, mtu mpole aliyezoea kuulizwa maswali magumu na watu waliolala kitandani. "Wagonjwa wangu wengi wanatoka wamepona," alisema. "Usinifananishe na duka hilo."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Sijui. Labda pana mkosi."

Mama mkwe, aliyekuwa mwisho wa meza akichambua mchele kwenye sinia, hakuinua macho. "Hakuna mkosi," alisema. "Pana uvivu."

Brashi hakuridhika na mkosi wala uvivu. Mwenye viatu alikuwa akifungua alfajiri na kufunga giza likiingia, na bado aliondoka. Aliwaza, akawazua, mwishowe akapata jibu lake mwenyewe, ambalo hakumwambia mtu. Lilikuwa jua. Yeye aliyepanda ngazi pale mara nyingi kuliko mtu yeyote alijua jinsi jua la alasiri linavyoupiga ule mlango. Lilimchoma mgongo hadi fulana ikamganda. Nani ataingia kwenye tanuri kununua kitu? Jibu lilimpendeza. Akalikunja, akaliweka moyoni, akaendelea na kazi.

Kisha chuo kikuu cha mji ule kikamwita. Chuo kilikuwa upande wa pili wa reli, na Brashi alikuwa amepita nje ya ukuta wake maisha yake yote bila kuingia, kama mtu anavyoweza kupita nje ya benki. Walitaka vibao vya kuelekeza watu: maktaba, mabweni, maabara. Kibao cha mwisho kilikuwa cha Kitivo cha Biashara, na mahali pake palikuwa ukutani, ghorofa ya kwanza, katikati ya madirisha mawili ya darasa. Joto lilikuwa kali na madirisha yalikuwa wazi. Brashi alipanda na brashi yake, akaanza kujaza tumbo la herufi B, na sauti ya mwalimu ikamfikia sikioni.

Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi mweusi. "Maduka mawili yako bega kwa bega," alisema. "Yanauza kitu kile kile, bei ile ile. Moja limejaa. Jingine, mwenyewe anapiga miayo. Kwa nini?"

Brashi alisimamisha mkono.

Wanafunzi wakajibu. Mmoja alisema ni bahati, mwingine akasema ni ucheshi wa mwuzaji, mwingine akasema ni mpangilio wa bidhaa. Kila jibu mwalimu alilipokea kwa neno moja: "Utajuaje?" Hakusema ni kweli, hakusema si kweli. Utajuaje. Brashi alisubiri mtu ataje jua. Hakuna aliyelitaja. Alikuwa karibu kuchungulia dirishani alitaje mwenyewe, lakini mwalimu alikusanya karatasi zake. "Wiki ijayo mje na namna ya kujua," alisema, akatoka.

Brashi alibaki juu ya ngazi, rangi inamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Wiki iliyofuata alirudi. Alimwambia mlinzi wa getini kwamba kibao kinahitaji mkono wa pili wa rangi, na mlinzi, ambaye hakujua rangi inakauka vipi, akamfungulia. Akapanda ngazi, akajifanya anasawazisha kingo za herufi, akatega sikio. Mwalimu alianza, akanyamaza, akaja dirishani. Walitazamana, mmoja ndani, mmoja nje.

"Fundi," mwalimu alisema, "rangi hiyo ilikauka wiki iliyopita."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi?"

Darasa zima liligeuza shingo. Brashi alihisi masikio yakimwaka, lakini alikuwa ameshafika mbali mno kudanganya. "Nilitaka kusikia jibu."

Mwalimu alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Jibu la maduka mawili?"

"Ndiyo."

"Sina," mwalimu alisema. "Ningekuwa nalo ningelibandika ukutani, tukaenda nyumbani wote. Tuna njia za kulitafuta tu. Wewe ulimaliza sekondari?"

"Nilimaliza. Zamani."

"Kuna nafasi za watu wazima waliokaa kazini. Shahada ya biashara, madarasa ya jioni. Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi. Ukishuka hapo, nenda ofisi ya usajili, kisha usinirudie na brashi mpaka umejaza fomu."

Alishuka. Ngazi aliiacha ukutani, akaenda kuulizia ofisi ya usajili.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kwa namna tatu. Binti yake, aliyekuwa sekondari, aliona ni jambo la kawaida kabisa, akauliza kama atapewa kitambulisho chenye picha. Mumewe aliuliza madarasa yanaanza saa ngapi, akahesabu zamu zake kwa vidole, akasema itawezekana ila yeye hajui kupika kitu zaidi ya mayai. Mama mkwe aliweka sinia chini.

"Utasoma biashara ukauze nini?"

"Siuzi kitu, Mama. Nataka kujua."

"Kujua," mama mkwe alirudia, kama anaonja chumvi. "Mimi nimeuza vitambaa sokoni mpaka mgongo ukapinda. Sikuwahi kujua chochote, na huyu mumeo alikula, akavaa, akasoma uuguzi. Mtu mzima anakwenda kukaa benchi moja na watoto wa watu, kisa anataka kujua."

Brashi hakubishana. Alimheshimu mama mkwe, na tena alimwogopa kidogo. Lakini usiku ule alitoa vyeti chini ya godoro, akavikung'uta, akavitazama. Alama za hesabu zilikuwa za kutia huruma.

Fomu ilijazwa kwenye simu ya mumewe, iliyokuwa na ufa katikati ya kioo, kiasi kwamba kila sentensi ndefu ilionekana imevunjika mguu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi, vyote vilikwenda haraka. Palipokwama ni pale palipoandikwa: Eleza kwa nini unataka kusoma biashara. Brashi aliandika jioni mbili, kisha akampa mumewe asome.

Mumewe alisoma kwa sauti ya chini. "Nina ari ya kuchangia maendeleo ya uchumi kwa kutumia ubunifu na weledi katika mazingira ya ushindani." Akasoma tena. "Huyu aliyeandika hapa simfahamu."

"Nimeyatoa kwenye kijarida chao. Ndivyo wanavyosema."

"Basi wanayo tayari. Ya nini kuwarudishia?" Akamrudishia simu. "Mimi nimeoa mtu anayeniamsha kuniuliza kwa nini wenye baa hawaweki saa ukutani. Andika huyo."

Brashi alifuta yote. Aliandika juu ya duka la kona, majina aliyoyachora na kuyafunika, na jinsi asivyoweza kupita pale bila kujiuliza. Hakuandika habari ya jua. Hiyo aliitunza kwa ajili ya usaili, kama mtu anavyotunza nguo ya sikukuu.

Palibaki mdhamini, mtu anayemfahamu kikazi. Alimwendea mwenye duka la dawa, ambaye alikuwa mteja wake wa siku nyingi na mtu wa kupenda mzaha. Huyo alimsikiliza mpaka mwisho huku akipanga chupa za dawa ya kikohozi.

"Ukishasoma utaacha kunichorea?"

"Siachi."

"Utapandisha bei?"

"Hilo sijui. Labda ndilo watakalonifundisha."

Mwenye duka la dawa alicheka, akaandika barua nzuri, na ndani yake, bila kuombwa, akaeleza kwamba mwombaji huyu aliwahi kumkatalia kuchora msalaba wa kijani mkubwa kuliko mlango.

Siku ya usaili Brashi alivaa gauni la bluu na viatu vilivyombana. Chumbani walikaa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mmoja alikuwa mwalimu wa sauti ya kukwaruza, naye alisema mapema, "Mimi huyu nilimkuta dirishani. Nitasikiliza tu, alama sitoi." Wa pili alikuwa kijana wa ofisi ya usajili aliyeandika bila kuinua kichwa. Wa tatu, aliyeuliza maswali, alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole virefu, mtaratibu kama mtu anayemenya yai.

Alimwuliza kuhusu kazi yake, kuhusu baba yake, kuhusu rangi inayodumu juani. Brashi alilegea, akaanza hata kufurahi. Ndipo mzee akafungua karatasi yake.

"Hili duka la kona. Wewe unadhani ni kwa nini?"

Brashi alivuta pumzi, akalitoa jua lake. Alilieleza vizuri: mlango unavyotazama magharibi, bati linavyopata moto, fulana inavyoganda mgongoni. Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kila aliposikia jambo jipya.

"Na kinyozi wa jirani," alisema mwishowe, "mlango wake unatazama wapi?"

"Huko huko," Brashi alisema.

"Hilo si kosa," mzee alisema. "Huenda anayenyolewa haoni joto. Niambie jingine. Hao waliofunga, umewahi kuwauliza?"

Kijana wa usajili aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Brashi angeweza kusema ndiyo, niliwauliza wawili watatu, na nani angekwenda kuthibitisha? Alikumbuka nyuso zao: aliwapakia viti kwenye mkokoteni, aliwapa pole, aliwashikia mlango. Aliona kuuliza ni kuwatonesha kidonda.

"Hapana," alisema. "Sijawauliza hata mmoja."

"Haya," mzee alisema. "Tutakujulisha."

Njiani kurudi alivua viatu, akatembea peku kando ya reli. Alitegemea kuona aibu, na aibu ilikuwepo kidogo, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, kama muwasho mahali mkono usipofika. Miaka yote hiyo alikuwa anauliza kibao. Wenyewe wako hai, wako mjini humu humu, na wana midomo.

Hakusubiri kujulishwa. Kesho yake alikwenda hospitalini kwa mumewe, si kwa mumewe bali jikoni, maana alisikia mama wa mgahawa, mpangaji wa kwanza anayemkumbuka pale kona, sasa ni mpishi wa wagonjwa. Alimkuta mbele ya sufuria kubwa kama pipa, mwiko mkononi.

"Dada, samahani kwa swali," Brashi alisema. "Kwa nini mgahawa ulikufa?"

Mpishi aligeuka. "Nani kakwambia ulikufa?"

"Ulifunga."

"Nilifunga, ndiyo. Wateja wakiwa bado wamekaa. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kila siku ya Mungu, sijui mwanangu anafanana na nani. Hapa nikivua aproni nimemaliza, nalala kama mtu." Akakoroga. "Ule mgahawa ulikuwa unakwenda vizuri sana. Mimi ndiye niliyekuwa siendi vizuri."

Brashi aliondoka na kichwa kimejaa. Jioni alipowasimulia nyumbani, mumewe alicheka kusikia kwamba miaka yote pale kazini alikuwa anakunywa uji wa mtu aliyefunga biashara yenye faida ili apate usingizi. Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya sinia la mchele.

Mpangaji wa simu alipatikana mtaa wa juu, kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi na vijana wa sare. Alimkumbatia Brashi kwa furaha ya kweli. Pale kona, alisema, palimtosha mwaka mmoja tu. Wateja walijaa mpaka wakawa wanasimama barabarani, akahama. Kibao chake kipya kilikuwa cha plastiki, kinawaka taa kwa ndani, kimechapwa kwa mashine. S yake ilikuwa imekaa vibaya, kama mtu anayeumwa tumbo.

"Hukunitafuta nikuchoree," Brashi alisema. Hakukusudia kuyasema hayo, yalimtoka.

Wa simu aliona haya. "Dada Brashi, wewe ni wa rangi. Mimi nilitaka taa. Sikufikiri kama ungejua habari za taa, na sikuuliza."

Hilo lilimchoma, akalibeba mpaka nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumaliza mchele lakini hakuwa ameondoka mezani.

"Wa simu kasemaje?" aliuliza, kabla Brashi hajavua kandambili.

Akasimuliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili makali, kisha akasema, "Na wa vitabu? Huyo ndiye aliyenihuzunisha."

Wa vitabu ndiye ambaye Brashi alimwogopa zaidi, kwa sababu huyo alifilisika kweli, kila mtu aliona. Alikuwa mwalimu mstaafu, na sasa alifundisha watoto kusoma barazani kwake. Alimkaribisha kiti, akampa maji, akasikiliza swali bila kukunja uso.

"Nimesubiri sana mtu aniulize," alisema. "Watu hunipa pole tu, na pole haina pa kuiweka. Kwanza, niliagiza vitabu ninavyovipenda mimi. Sikumwuliza mtu anataka kusoma nini. Hilo ni langu." Akatabasamu. "La pili unalijua wewe?"

"Silijui, mwalimu."

"Unakumbuka duka liliitwaje?"

Brashi alikumbuka vizuri sana. Liliitwa Mwanga wa Kesho, na kibao chake kilikuwa kimojawapo cha vile alivyojivunia. Alichora herufi za dhahabu na nyuma yake miale ya njano inayotawanyika.

"Wateja wangu wa mwanzo," mwalimu mstaafu alisema, "waliingia wakaulizia betri."

Brashi alimtazama.

"Betri, balbu, na mshumaa. Mzee mmoja alileta taa yake niitengeneze. Nilikuwa nawaonyesha rafu za vitabu wanadhani nawatania. Kile kibao kilikuwa kizuri mno, binti yangu, watu walikipiga picha. Ila hakikusema vitabu. Hakuna neno kitabu mahali popote pale."

"Jina ulinipa wewe," Brashi alisema polepole.

"Nilikupa mimi. Na miale uliongeza wewe."

Walitazamana, kisha mwalimu mstaafu akaanza kucheka, kicheko cha ndani kinachotikisa mabega, na Brashi naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka watoto wa barazani wakaacha kusoma. Lakini alipoagana naye, alisimama njiani akajishika kiuno. Alikuwa amekwenda kutafuta kilichoua duka, akakuta mkono wake mwenyewe umo, na wala haukuwa na nia mbaya. Aliona uchungu, na papo hapo akaona raha ya ajabu, ile ya kujua jambo ambalo hata hukuwa umedhani lipo.

Jioni ile mama mkwe alicheka betri mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akavuta sinia karibu.

"Pale sokoni," alisema, "jirani yangu alikuwa na vitambaa vile vile vyangu. Tulinunua kwa mtu mmoja, gari moja. Yeye alimaliza saa nne, mimi mpaka jua la kuzama. Nilimchukia miaka yote. Nikasema ana dawa." Alizungusha punje ya mchele kwa kidole. "Mwenyewe bado yupo. Anaishi kwa mwanawe karibu na kituo cha mafuta."

"Twende tukamwulize, Mama?"

"Nani kasema nataka kwenda?"

Walikwenda Jumapili. Yule bibi hakuona vizuri tena, lakini alimtambua mama mkwe kwa sauti, na walikaa wameshikana mikono kwa muda mrefu kuliko Brashi alivyotegemea. Alipoulizwa, bibi alishangaa. Yeye, alisema, siku zote alidhani mwenzake ndiye anayeuza zaidi, kwani alikuwa anabaki sokoni mpaka jioni. Alifikiri anabaki kwa kuwa wateja hawamwishii. Yeye mwenyewe alikuwa anawahi nyumbani kwa mume mgonjwa, ndiyo maana alikata kitambaa chake vipande vidogo vya kushona mto, vikaondoka haraka. Njia nzima ya kurudi mama mkwe alitembea mbele. Walipofika mlangoni alimwambia Brashi, "Hicho chuo chako kikikukataa, waambie waje waongee na mimi."

Siku chache baadaye Brashi alikwenda chuoni kupeleka nakala ya cheti iliyogongwa muhuri, akakutana na yule mzee mwembamba kwenye korido, amebeba vitabu hadi kidevuni. Alimpokea nusu ya mzigo.

"Nilikosea kuhusu jua," alimwambia wakitembea.

"Nani kasema?"

"Niliwauliza."

Mzee alisimama palepale katikati ya korido, wanafunzi wakawazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Brashi akamweleza habari za mpishi, wa simu na wa vitabu. Kwenye betri mzee aliinamisha kichwa juu ya vitabu vyake, mabega yakimtikisika. Alipopata sauti alisema, "Kwa hiyo duka lile linaua watu?"

"Haliui. Mmoja alichoka, mmoja alikua, mmoja ndiye aliyeanguka. Kwenye kibao wote watatu wanafanana tu. Bado wa nguo na wa viatu sijawapata."

"Vizuri," mzee alisema. "Ila nisikufiche. Hayo hayabadilishi kitu. Uamuzi juu yako tulishaupeleka ofisi ya usajili siku ile ile ya usaili."

Alichukua vitabu vyake akaenda, na Brashi akarudi nyumbani bila kujua kama ameambiwa habari njema au mbaya. Mumewe alimwuliza mzee alikuwa na uso gani. Brashi alisema alikuwa na uso wa mtu mwenye vitabu vizito.

Ujumbe wa chuo uliingia Brashi akiwa juu ya ngazi, anaandika jina la kliniki ya macho. Binti yake ndiye aliyeusoma, akaja mbio hadi chini ya ngazi na kusimama hapo akihema. Brashi alikuwa amekubaliwa kwa sharti: kwanza amalize kozi fupi ya hesabu, kisha aanze na wenzake. Brashi aliuliza tena kipande cha sharti, akashuka, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akaweka brashi kwenye kopo. Alikaa hivyo mpaka daktari wa macho akatoka kuuliza kama kuna tatizo.

Hesabu zilimtoa jasho. Asilimia zilimkimbia, sehemu zikamgeuka, na binti yake alimfundisha kwa ukali ambao Brashi aliutambua kuwa ni wake mwenyewe. Kuna jioni alifunga daftari akasema basi. Mumewe alimkaangia mayai, akamwacha alale, na asubuhi alilifungua tena. Mtihani alipita, si kwa kishindo, alipita tu.

Siku ya kwanza ya masomo alifika mapema. Darasani wengi walikuwa vijana wa kazini, wenye umri wa kumzidi binti yake kidogo, wakamwita shangazi, akaona inamfaa. Saa ya mapumziko wote walikimbilia kantini. Kantini ilikuwa na madirisha mawili ya kuuzia chai, yameachana hatua chache, na Brashi aliona foleni ndefu mbele ya la kushoto imekunja kona mpaka mlangoni. Kwenye la kulia hapakuwa na mtu. Aliangalia chai: birika moja lilikuwa linajaza pande zote mbili. Aliangalia bei: ile ile.

"Kwa nini mmepanga huku?" alimwuliza msichana aliyekuwa mbele yake kwenye foleni.

Msichana aliangalia dirisha la kulia kana kwamba limeota pale sasa hivi. "Sijui, shangazi. Nimekuta watu wamesimama hapa."

Brashi alitoka kwenye foleni. Mwuza chai wa dirisha la kulia alikuwa dada mnene mwenye leso kichwani, ameegemea mkono, anapiga miayo. Alimiminia Brashi kikombe, akasogeza sukari.

"Dada yangu," Brashi alisema, "hawa wote huko wanafuata nini?"

"Hata mimi najiuliza," mwuza chai alisema. "Mwaka wa pili huu. Nimebadilisha leso, nimebadilisha tabasamu. Ukijua uniambie."

"Wewe unadhani ni nini?"

Mwuza chai alijiweka sawa kwenye kigoda, akafikiri. Alikuwa na mengi ya kusema, na mpaka anafika katikati, kengele ilikuwa imelia, foleni ya kushoto imekwisha, na chai ya Brashi imepoa.